Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyepima choo cha wanakijiji

Mkazi wa Chundwa, kisiwani Pate, anayekula kunde, mhogo na samaki wa nazi huenda hajapata kulisikia jina la Denis Burkitt. Hata hivyo, daktari huyo ndiye aliyewafanya mabingwa wa Ulaya wakitazame chakula cha namna hiyo kwa heshima.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi jijini Dublin, kisha akageukia utabibu. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na 1948 akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Sifa yake ya kwanza ilitokana na saratani. Mwaka 1957 aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine huko Jinja. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo ulikuwapo. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Alirejea Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeshikilia kwamba sukari na unga mweupe ndio chanzo cha maradhi mengi. Burkitt akakumbuka Mulago: kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, mambo ya kila siku London, yeye aliyaona kwa nadra miongoni mwa wanavijiji. Akaanza kuziandikia hospitali za Afrika akiuliza maswali yale yale.

Kisha akapima. Watu walimezeshwa vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, na choo chao kikakusanywa kwenye mifuko. Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1972 yalishangaza: wanavijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, ilikuwa gramu 104 na saa 83. Tofauti hiyo aliihusisha na nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa na mboga.

Hapo alikuwa na haraka kidogo. Mganda na Mwingereza hawakutofautiana kwa chakula peke yake, na majaribio ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2000 hayakuonyesha kwamba nyuzinyuzi huzuia vinyama vya utumboni kurudi. Tena aliziona zaidi kama ufagio, ilhali bakteria wa utumboni huzila na kutengeneza asidi zinazoulisha ukuta wa utumbo. Mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana mlo kwa wiki mbili. Uvimbe katika utumbo wa Wamarekani ulipungua, wa Waafrika ukazidi.

Watafiti sasa wanawachunguza bakteria hao hata katika soriasisi, ugonjwa wa ngozi kuwa na magamba. Majaribio hayo bado ni madogo, na hakuna anayepaswa kuacha dawa za daktari kwa sababu yake.

Burkitt alifariki dunia Gloucester tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.