Papa Benedikto wa XV, Baba wa Pande Zote Mbili

Makardinali walipofungiwa katika konklave tarehe 31 Agosti 1914, vita vilikuwa vimetimiza mwezi mmoja tu. Mle ndani walikaa pamoja Mfaransa na Mjerumani, Mwaustria na Mbelgiji. Kardinali Mercier wa Ubelgiji alikuwa amepata habari kwamba mji wa Leuven, alikofundisha falsafa miaka mingi, umechomwa moto na jeshi la Wajerumani pamoja na maktaba ya chuo kikuu. Papa Pio wa X alikuwa amefariki tarehe 20 Agosti, na Kanisa lilihitaji baba wakati ambapo watoto wake walikuwa wakiuana. Tarehe 3 Septemba wakamchagua mtu aliyekuwa na ukardinali wa miezi mitatu na siku chache: Giacomo della Chiesa, Askofu Mkuu wa Bologna. Akachukua jina la Benedikto wa XV.

Alikuwa mfupi, mwembamba, bega moja limepanda kuliko jingine, na alichechemea kidogo. Husimuliwa kwamba kanzu nyeupe zilizoandaliwa kwa ajili ya Papa mpya zote zilimpwaya, hata ile ndogo kabisa.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1854 huko Pegli, karibu na Genova, katika ukoo wenye cheo lakini usio na fedha nyingi. Mapema alitamani upadre, ila baba yake alimtaka kwanza asome sheria. Akatii, akapata udaktari wa sheria mwaka 1875, ndipo akaruhusiwa kwenda Roma. Alipewa Daraja ya Upadre tarehe 21 Desemba 1878. Frateri anayenung'unika kwa sababu amepangiwa masomo ambayo hakuyachagua angefanya vizuri kumkumbuka kijana huyu, maana sheria ile ndiyo iliyomjenga. Alimfuata Askofu Mkuu Rampolla kwenye ubalozi wa Papa huko Madrid, kisha akafanya kazi miaka mingi katika Sekretarieti ya Vatikano, akijifunza jinsi serikali zinavyosema jambo moja na kukusudia jingine. Mwaka 1907 Pio wa X alimweka wakfu kuwa askofu na kumtuma Bologna. Huko alizunguka parokia za jimbo lake hata zile za milimani.

Basi akakuta vita. Cheche yake ilikuwa mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria pale Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mwezi mmoja baadaye Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, Ufaransa ikavutwa na mkataba wake na Urusi, na majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ubelgiji tarehe 4 Agosti, Uingereza nayo ikaingia. Ilikuwa kama nyumba za makuti zilizojengwa zikigusana: moto wa moja ukawa wa mtaa mzima. Wengi walidhani askari watarudi nyumbani kabla ya Krismasi. Lakini baada ya mapigano ya mto Marne mwezi Septemba hakuna upande ulioweza kuusukuma mwingine. Askari wakachimba mahandaki, na kufikia mwisho wa mwaka mstari wa mahandaki ulitoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Ndani yake watu waliishi kwenye matope, panya na chawa, wakisubiri filimbi ya kutoka kwenda kukabili bunduki za rashasha.

Papa alitoa waraka wake wa kwanza kwa Kanisa lote tarehe 1 Novemba 1914, akiwasihi watawala watafute njia nyingine ya kudai haki zao. Mwezi Desemba aliomba mizinga inyamaze walau wakati wa Noeli. Serikali hazikuafikiana. Sehemu kadhaa za mahandaki, hasa kule Flanders, askari wenyewe waliacha kupigana siku hiyo, wakatoka kwenye mashimo yao, wakazika wafu wao na kupeana tumbaku. Wakuu wao walihakikisha jambo hilo halirudiwi kwa ukubwa ule.

Mwaka uliofuata vita vilipanuka badala ya kupungua. Japani ilikuwa imeingia tangu Agosti 1914, na Dola la Waturuki tangu mwishoni mwa Oktoba. Mwezi Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya sumu karibu na Ypres. Mwezi huohuo Italia ilitia saini mkataba wa siri huko London, na ndani yake kiliwekwa kifungu cha 15, kilichokusudiwa kuizuia Vatikano isipate nafasi katika mazungumzo ya amani. Mwezi Mei Italia ikaingia vitani. Sasa Papa, ambaye tangu mwaka 1870 watangulizi wake hawakuwa na nchi wala mpaka, alikuwa amezungukwa na taifa lililo vitani, na mabalozi wa Ujerumani na Austria waliotumwa kwake wakahamia Uswisi.

Mapadre na waseminari walivaa sare. Ufaransa iliwaita jeshini kwa maelfu, wengine wakishika bunduki kama askari wa kawaida. Italia nayo iliwaita, na miongoni mwao alikuwako padre wa Bergamo, Angelo Roncalli, aliyehudumia majeruhi hospitalini. Ndiye baadaye Papa Yohane wa XXIII. Wafu walikuwa wengi mno. Mwezi Agosti 1915 Benedikto aliruhusu kila padre aadhimishe Misa tatu siku ya Marehemu Wote, ruhusa tunayoitumia mpaka leo kila tarehe 2 Novemba, pengine bila kukumbuka ilikotoka.

Aliposhindwa kuzima vita, aligeukia waliojeruhiwa navyo. Vatikano ilifungua ofisi ya kutafuta askari waliopotea na wafungwa, ili mama aliyeko Bavaria au Brittany ajue kama mwanawe yu hai. Alizipatanisha serikali ili wafungwa wagonjwa wapelekwe Uswisi kutibiwa, na maelfu walipona kwa njia hiyo. Septemba 1915 alimwandikia Sultani wa Uturuki akiwaombea Waarmenia waliokuwa wakiangamizwa. Alitoa fedha bila kuhesabu sana, jambo lililowasumbua watunza hazina wake.

Mwaka 1916 ulikuwa wa Verdun na wa mto Somme. Siku ya kwanza tu ya Somme, tarehe 1 Julai, Waingereza walipoteza karibu watu 57,000, na zaidi ya 19,000 kati yao walikufa. Ureno na Romania ziliingia vitani mwaka huo, na Marekani ikafuata mwezi Aprili 1917. Mwezi Mei Papa aliagiza Bikira Maria aitwe Malkia wa Amani katika litania yake, na mwezi huohuo alimweka wakfu Eugenio Pacelli kuwa askofu na kumtuma Ujerumani kupima nia ya wakubwa. Huyo ndiye baadaye Pio wa XII.

Ndipo tarehe 1 Agosti 1917 alipowaandikia viongozi wa nchi zote zinazopigana. Safari hii hakusihi tu. Alitaja masharti kama mwanasheria: nguvu ya haki ichukue nafasi ya silaha, majeshi yapunguzwe kwa pande zote, ugomvi upelekwe kwa wasuluhishi, bahari ziwe huru, fidia zisamehewe, Ubelgiji na maeneo ya Ufaransa yaachwe, na Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Kifungu hicho cha mwisho kilituhusu sisi. Wakati barua ikisomwa Ulaya, Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana kusini mwa Tanzania ya leo, na mwezi Oktoba damu nyingi ilimwagika Mahiwa, karibu na misheni ya Nyangao. Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao wapagazi waliouawa na njaa, homa na kuhara kuliko risasi. Jina la Kariakoo lina asili katika kikosi chao. Ni kweli, barua haikuuliza wenye nchi wanataka nini. Kwa wakati ule hakuna aliyewauliza.

Hakuna serikali iliyoipokea. Rais Wilson alijibu kwamba watawala wa Ujerumani hawaaminiki. Wafaransa walimwona Papa kuwa wa Wajerumani, Wajerumani wakamwona kuwa wa Wafaransa. Jeshi la Italia liliposhindwa vibaya Caporetto mwezi Oktoba, wapo waliodai kwamba maneno yake ya kuyaita mauaji hayo kuwa bure ndiyo yaliyowalegeza askari. Wakatoliki wengi wa pande zote nao walimnung'unikia, kwa kuwa walitaka Papa awabariki wao peke yao. Hilo, nadhani, lilimuuma kuliko kejeli za mawaziri.

Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na huku kwetu Wajerumani waliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25. Papa hakukaribishwa kwenye mkutano wa amani. Alihimiza michango kwa ajili ya watoto wenye njaa, wa nchi zilizoshindwa pia, na mwaka 1920 akaandika waraka wa kuhimiza msamaha.

Aliona pia vita vilivyoyafanyia mamisheni. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kufukuzwa katika makoloni yaliyotekwa, na parokia zikabaki na makatekista. Katika waraka wake wa tarehe 30 Novemba 1919, Maximum illud, aliwaonya wamisionari wasitangulize taifa lao mbele ya Injili, akataka mapadre wazalendo walelewe kikamilifu, si kuwa wasaidizi tu bali waweze siku moja kuongoza watu wao. Seminari kama hizi zetu zina deni kwake. Tarehe 6 Juni 1920 aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa Wenyeheri.

Mwishoni mwa 1921 sanamu yake ilizinduliwa Istanbul, mji mkuu wa dola lililokuwa limeshindwa vitani. Waliochanga fedha walikuwamo Waislamu, Wayahudi na Waorthodoksi. Wiki chache baadaye alipatwa na mafua yaliyogeuka kichomi. Alifariki tarehe 22 Januari 1922, akiwa na miaka 67, na amezikwa chini ya Basilika la Mtakatifu Petro.