Viktor Tsoi: Mwimbaji aliyevuma kwa kanda za nyumbani

Katika Muungano wa Kisovyeti, santuri zilitolewa na kampuni moja tu ya serikali, Melodiya. Hata hivyo, Melodiya ilipotoa santuri ya kwanza ya kundi la Kino mwaka 1988, kiongozi wa kundi hilo, Viktor Tsoi, alikuwa amekwisha kuvuma kutoka Leningrad hadi Asia ya Kati. Nyimbo zake zilipita njia nyingine: zilirekodiwa na marafiki, zikanakiliwa majumbani, zikapokezanwa mkono kwa mkono.

Tsoi alizaliwa tarehe 21 Juni 1962 mjini Leningrad, ambao leo unaitwa Saint Petersburg. Baba yake alikuwa mhandisi wa asili ya Kikorea, mzaliwa wa Kazakhstan. Mama yake, Mrusi, alifundisha mazoezi ya viungo shuleni. Kijana huyo alipenda uchoraji sawa na gitaa. Alifukuzwa shule ya sanaa, kisha akajifunza ufundi wa kuchonga mbao.

Mwaka 1981 aliunda kundi pamoja na marafiki zake Alexei Rybin na Oleg Valinsky. Valinsky alipoitwa jeshini, wawili waliobaki wakajiita Kino, yaani sinema. Mwaka huohuo mamlaka za Leningrad ziliruhusu klabu ya muziki wa roki kufunguliwa. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti: maneno ya kila wimbo yalikaguliwa kabla ya kuimbwa jukwaani, na idara ya usalama, KGB, ilifuatilia kwa karibu yaliyoendelea humo.

Studio ndani ya jumba la watoto

Boris Grebenshchikov, kiongozi wa kundi la Aquarium, alivutiwa na nyimbo za Tsoi akaamua kumsaidia. Mwaka 1982 alimpeleka kwa Andrei Tropillo, aliyeajiriwa katika jumba la watoto kuwafundisha ufundi wa kurekodi sauti. Kwa mitambo ya jumba hilo, Tropillo alirekodi makundi ambayo Melodiya isingeyagusa. Hivyo ikapatikana albamu ya kwanza ya Kino, iliyopewa jina la *45* kwa kuwa ilikaribia dakika 45.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya wasikilizaji wenyewe. Mwenye kanda aliunganisha mashine mbili, moja ikipiga na nyingine ikirekodi, na rafiki yake akaondoka na nakala ya kwenda kunakiliwa tena. Kila nakala ilipunguza ubora wa sauti na kuongeza mvumo. Mtunzi hakulipwa chochote, lakini hakuna ofisi iliyoweza kuzihesabu kanda hizo, sembuse kuzikusanya.

Njia hiyo ilimwondolea mtunzi mamlaka juu ya kazi yake. Mwaka 1983 Tsoi na mpiga gitaa Yuri Kasparyan walirekodi nyimbo mpya nyumbani kwa rafiki yao Alexei Vishnya. Yalikuwa majaribio tu, maandalizi ya albamu iliyokusudiwa. Vishnya akaisambaza kanda hiyo, na wasikilizaji wakaipokea kama albamu kamili, iitwayo *46*.

Mchochea makaa

Kwa sheria za Kisovyeti, mtu asiye na ajira aliweza kushtakiwa kwa uzururaji. Kuanzia mwaka 1986 Tsoi alifanya kazi ya kuchochea makaa ya mawe katika chumba cha tanuri kilichoitwa Kamchatka. Mwaka huohuo Joanna Stingray, mwanamuziki wa Marekani aliyekuwa akivusha kanda mpakani kwa siri, alitoa nchini kwao santuri ya *Red Wave*, yenye nyimbo za Kino na makundi mengine matatu ya Leningrad.

Stingray pia ndiye aliyewaletea mashine ndogo ya Yamaha, iliyoweza kurekodi njia nne za sauti katika kaseti ya kawaida. Kwa mashine hiyo marafiki hao walitengeneza *Gruppa Krovi*, albamu ya mwaka 1988 iliyowapa umaarufu nchi nzima. Mwaka huo Tsoi alionekana pia katika filamu *Igla*, iliyopigwa Almaty. Tarehe 24 Juni 1990 aliimba mbele ya makumi ya maelfu ya watu katika uwanja wa Luzhniki, Moscow.

Kaseti ya mwisho

Baada ya onyesho hilo alikwenda kupumzika Plieņciems, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Latvia. Kasparyan alimfuata na vyombo, na wawili hao wakarekodi rasimu ya albamu mpya. Tarehe 15 Agosti, Tsoi alipokuwa akirudi kutoka kuvua samaki, gari lake liligongana na basi karibu na Tukums. Uchunguzi ulihitimisha kuwa alisinzia akiendesha. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Wengi huamini kwamba kaseti ilikutwa salama ndani ya gari lililopondeka. Ukweli ni kwamba Kasparyan alikuwa amekwisha kuondoka nayo kuelekea Leningrad. Wenzake waliongeza ala zao juu ya sauti ile ya rasimu, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Albamu hiyo, yenye jalada jeusi, ndiyo iliyofunga kazi ya Kino.

Nyimbo zenyewe hazikuzikwa. Mwezi Agosti 2020, mjini Minsk, Belarus, mafundi wawili wa sauti walipiga wimbo wa Tsoi unaodai mabadiliko, *Peremen*, katika hafla iliyoandaliwa na serikali. Wakahukumiwa kifungo cha siku 10. Katika wiki zilizofuata, wimbo huohuo ulisikika mara kwa mara katika maandamano ya nchi hiyo.