Paul Buchner na Bakteria Wenye Jina Lake
Paul Buchner alizaliwa Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1886. Kwa hadubini alichunguza bakteria wanaoishi ndani ya seli za wadudu, ambao mama humrithisha mtoto. Wengi waliwaona kama ugonjwa. Yeye aliona ushirika. Alifariki kisiwani Ischia, Italia, mwaka 1978.

Mwaka 1991 bakteria wa vidukari waliitwa Buchnera. Jenomu yao, iliyosomwa mwaka 2000, ina herufi 640,000 hivi. Ndugu yao E. coli ana milioni 4.6. Kama maneno yasiyosemwa tena, jeni zisizohitajika zilipotea. Zile za kumtengenezea kidukari asidi amino anazozikosa katika utomvu wa mimea, nyingi zimebaki. Leo hakuna awezaye kuishi bila mwenzake.