Pinchbeck, fundi saa aliyetengeneza dhahabu isiyo dhahabu

Ukipita Soweto hapa Mbeya utaona mezani bangili na hereni zinazong'aa kama dhahabu ya Chunya, kwa bei ya sahani ya chipsi. Nyingi za namna hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Mchanganyiko mmoja wa aina hiyo ulivuma sana hata ukabaki na jina la aliyeubuni, Christopher Pinchbeck wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1670 hivi, akawa fundi saa jijini London. Saa zake zilipiga muziki. Alitengeneza pia wanasesere waliojongea wenyewe kwa mitambo, akawapeleka kwenye magulio watu walipe kuwatazama. Mwaka 1721 alihamishia duka lake mtaa wa Fleet Street.

Lakini kilichompa jina ni ile madini yake. Shaba ya manjano tuliyoizoea kwenye kufuli na koki za maji huwa na zinki nyingi, karibu theluthi, na rangi yake imepauka kidogo. Pinchbeck alipunguza zinki, shaba ikawa karibu sehemu tisa kwa kumi, na rangi ikasogelea dhahabu. Ilifaa kwa minyororo ya saa, vishikizo, pete, hata vikopo vya ugoro. Wasafiri wa magari ya farasi waliipenda: jambazi akikuvua njiani, hujapoteza mali.

Vipimo alivifanya siri. Alifariki tarehe 18 Novemba 1732, duka likashikwa na mwanawe Edward, ambaye ilimbidi kutangaza magazetini kwamba madini halisi ya baba yake yanauzwa kwake tu. Yaani bandia nayo ilikuwa na bandia yake!

Baadaye Waingereza wakalitumia jina hilo kumaanisha kitu cha uongo. Sisi tunaona alionewa, kwani yeye aliuza kwa jina lake, hakusema ni dhahabu. Soko lilidorora baada ya 1854, sheria iliporuhusu dhahabu ya karati 9, yaani sehemu 9 za dhahabu kati ya 24, na watu wa kipato cha kawaida wakaimudu.

Kwa wewe unayeuziwa pete njiani: dhahabu safi ina uzito unaozidi mara mbili ule wa shaba ya ukubwa uleule. Mpelekee sonara mwenye mizani kabla hujatoa hela.