Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja aliyezunguka dunia, nyumbani hakuimba



Kuna wimbo mmoja ambao hapa mjini hata mtoto asiyejua neno la Kiingereza anaujua. Ni ule wa kukanyaga miguu mara mbili halafu unapiga kofi moja. Ukiuanzisha pale uwanja wa Liti (wengine bado tunauita Namfua), watu wanaitikia bila kufundishwa na mtu. Ni wa bendi ya Queen ya Uingereza, umetoka mwaka 1977. Lakini waulize vijana kumi pale stendi huyo mwimbaji wa Queen alizaliwa wapi. Sidhani kama watatu watakujibu Unguja. Ndiyo maana leo nimeona tumzungumzie huyu bwana.

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, mzee Bomi na mama Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta. Mzee alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, enzi hizo za Mwingereza. Maisha hayakuwa mabaya, ila kijana hakuyakaa sana. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipakiwa melini kwenda shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, kule India. Huko ndiko walikoanza kumwita Freddie, akajifunza piano, na mwaka 1958 akaanzisha na wenzake kibendi cha shule kikiitwa The Hectics.

Mwaka 1963 akarudi Unguja. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba Mapinduzi yalipotokea, 12 Januari 1964. Damu ilimwagika, na familia nyingi zenye asili ya Asia na Uarabuni zikafunga mizigo. Akina Bulsara nao wakaondoka mwaka huohuo, wakaanza upya Feltham, nje kidogo ya London. Haya tuyaseme bila kuogopana, maana mara nyingi tunajisifu kwamba jamaa ni wetu halafu tunaruka sehemu ya namna alivyoondoka.

Uingereza hakupokelewa kwa zulia. Alipiga vibarua uwanja wa ndege wa Heathrow, akasoma sanaa ya uchoraji wa matangazo katika chuo cha Ealing, akamaliza 1969, akauza nguo za mitumba soko la Kensington pamoja na Roger Taylor. Mwaka 1970 yeye, Taylor anayepiga ngoma na Brian May mpiga gitaa wakaunda Queen. John Deacon akaja na besi mwaka 1971. Jina la bendi lilitoka kwa Freddie, nembo akaichora mwenyewe, na jina lake la ukoo akalibadili kuwa Mercury.

Sasa tuje kwenye ziara. Sisi wa mikoani tukisikia bendi ipo ziarani, tunafikiria Msondo au Sikinde wametoka Dar na gari la vyombo, wamelala Dodoma, kesho yake wako kwetu. Queen nao walianza hivyohivyo, wakiwafungulia wenzao jukwaa. Mwaka 1975 walipofika Japani walikuta umati wa mashabiki unawasubiri uwanja wa ndege. Mwaka 1976 wakajaza bustani ya Hyde Park jijini London. Mwaka 1981 wakaenda Amerika ya Kusini, na tarehe 20 Machi, uwanja wa Morumbi, São Paulo, walihudhuria watu wapatao 131,000 usiku mmoja. Kwa hesabu ya karibu: sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Singida na watu takriban 150,000. Yaani piga picha karibu mji wetu wote, wazee kwa watoto, umesimama unamwitikia mtu mmoja mwenye maiki. Si mchezo!

Na alijua kumheshimu mwenyeji. Kwa ajili ya Wajapani kuna wimbo wa Queen wenye kiitikio cha Kijapani. Budapest, tarehe 27 Julai 1986, Hungary ikiwa bado nchi ya kikomunisti, aliimba wimbo wa asili wa Wahungaria huku maneno ameyaandika kiganjani. Uwanja mzima ukalipuka. Kihispania pia kimo kwenye nyimbo zao, na hata neno Bismillah limo ndani ya Bohemian Rhapsody ya 1975. Kiswahili, lugha ya mitaa aliyozaliwa, hakikupata zamu. Nikiri kwamba hilo linaniuma kidogo.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Oktoba 1984 Queen walikuja Afrika, lakini walikwenda Sun City. Hapo palikuwa Bophuthatswana, kipande cha ardhi ambacho makaburu walikipa uhuru wa bandia mwaka 1977, na hakuna taifa jingine lililoutambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende kule. Koo la Freddie likamgomea, baadhi ya maonyesho yakafutwa. Waliporudi, chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Wao walijitetea kwamba waliwaimbia watu wa rangi zote.

Mimi utetezi huo haujaniingia akilini. Mwaka huohuo, pale Mazimbu, Morogoro, watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wanasoma katika chuo cha ANC cha Solomon Mahlangu, kwenye ardhi waliyopewa na Tanzania. Sisi wenyewe dukani hatuna sabuni wala sukari, ila wageni tumewapokea. Halafu mzaliwa wa Unguja anakwenda kuimba kwenye kasino la makaburu! Mtu unaweza kumpenda kwa sauti yake na bado ukamwambia kwamba pale alikosea.

Miezi tisa baadaye, 13 Julai 1985, ikaja Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Queen walipewa kama dakika ishirini tu uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000, huku dunia ikitazama kwenye televisheni. Freddie alipandisha sauti bila maneno, watu wakarudisha, akapandisha tena, wakarudisha tena, kama kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake. Wengi wanaihesabu kuwa shoo bora ya rock kuliko zote.

Mwaka uliofuata wakazunguka Ulaya, maonyesho 26 kati ya Juni na Agosti, zaidi ya watu milioni moja. La mwisho lilikuwa Knebworth, Uingereza, 9 Agosti 1986. Freddie hakupanda tena jukwaani na Queen kwa onyesho kamili. Ukimwi ulikuwa umemwingia. Aliendelea kurekodi hadi nguvu zikamwishia, na siri akaificha hadi tarehe 23 Novemba 1991, alipotoa tangazo. Kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake London, umri miaka 45. Makuhani wa Kizoroasta waliongoza mazishi yake, na mwili ukachomwa kwa moto.

Wakati huo sisi Ukimwi tulikuwa tunaujua vizuri sana, tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera mwaka 1983. Jirani zetu Waganda walikuwa wamempoteza Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyerudi kutoka Sweden, akatangaza mwaka 1989 kwamba anaumwa, akazunguka mashuleni na makanisani kuonya watu hadi akafa Desemba mwaka huohuo. Simlaumu Freddie kwa kunyamaza, kila mgonjwa ana mzigo wake. Ila fedha za tamasha la kumkumbuka, la Aprili 1992, zilianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na ugonjwa huo, na kazi ile ingalipo.

Nyumbani je? Mwaka 2006 walipanga sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, pale ufukweni Unguja. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, kwa sababu Freddie alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanaume, na sherehe ikafutwa. Novemba 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani, na watalii wanalipa kiingilio. Brian May na Roger Taylor, wazee sasa, walizunguka dunia tena kati ya 2019 na 2024 na mwimbaji Mmarekani Adam Lambert, na Freddie akawa anaonekana kwenye skrini, watu wanamshangilia mtu aliyekufa zamani.

Maoni yangu ni haya. Hatuwezi kumchukua nusu: jina tuliweke kwenye bango la utalii, halafu Mapinduzi yaliyomfukuza, Sun City, mapenzi yake na maradhi yake tuvifunike na kanga. Wala hatuwezi kumfuta, maana cheti cha kuzaliwa hakifutiki. Mtoto wa Singida anayekanyaga miguu pale Liti ana haki ya kujua kwamba aliyeongoza kiitikio kile alianzia hapahapa kwetu, akaondoka kijana, na hakurudi kutuimbia.

Mnasemaje wadau? Waliowahi kuishi Mji Mkongwe miaka ile, tuelezeni. Karibuni kwa maoni, matusi hapana.