William Herschel: Aliona nyota inayokufa, akadhani inazaliwa

Leo naomba tumzungumzie mtu aliyekosea zaidi ya mara moja katika jambo moja, na bado mimi namhesabu miongoni mwa wakubwa wa elimu ya falaki. Nasema falaki, si ule utabiri wa nyota wa magazetini.

William Herschel alizaliwa mwaka 1738 huko Hanover, katika Ujerumani ya leo. Alikuwa mwanamuziki kama baba yake. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, akaishia kupiga kinanda kanisani mjini Bath. Nyota alizisoma mwenyewe, usiku, baada ya kazi. Darubini za kununua hazikumtosha, hivyo akawa anayeyusha shaba na bati nyumbani na kujitengenezea vioo. Dada yake Caroline ameeleza kuwa safari moja kaka yake alisugua kioo saa 16 mfululizo bila kukiachia, ikabidi yeye awe anamtia chakula mdomoni. (Caroline naye aligundua nyota zenye mkia, na anastahili makala yake.)

Machi 13, 1781 Herschel akaiona sayari ya Uranus. Mfalme George III akampa posho ya pauni 200 kwa mwaka, na muziki akauacha.

Katika kupekua mbingu alikutana na vitu vya mviringo, vyenye mwanga hafifu, vilivyofanana na sayari ndani ya darubini. Akaviita nebula za sayari. Havina uhusiano na sayari, lakini jina limeganda hadi leo.

Wakati huo alishikilia kuwa mawingu yote ya mbinguni ni nyota nyingi zilizo mbali, na kwamba darubini kubwa zingezitenganisha. Usiku wa Novemba 13, 1790, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 52, akaona katika kundi la Thauri nyota moja iliyozungukwa na wingu pande zote. Nyota ilionekana waziwazi, wingu halikutenganika. Basi halikuwa nyota! Mtu huyu alikuwa na jina, posho ya mfalme na darubini kubwa kuliko zote duniani. Nani angemlazimisha kubadili kauli? Mwaka 1791 aliandika kuwa msimamo wake wa awali haukuwa sahihi.

Hata hivyo alidhani wingu lile linajikusanya ili lizae nyota. Kumbe ni kinyume. Mwaka 1864 William Huggins alichambua mwanga wa nebula ya aina hiyo akakuta ni gesi. Leo inajulikana kuwa nyota ya kiasi cha Jua letu, ikiishiwa haidrojeni kiiniini, huvimba na kuwa nyekundu, kisha huyatupa matabaka yake ya nje. Kiini kinachobaki, kidogo na chenye joto kali, ndicho kinachoifanya gesi ile ing'ae kwa miaka elfu kadhaa mpaka itawanyike na kaboni yake. Jua letu limebakiwa na kama miaka bilioni 5.

Herschel alifariki Agosti 25, 1822. Aprili 2025 zilitolewa picha za wingu lake lile la Thauri, zilizopigwa na darubini ya angani ya Webb. Katikati mna nyota mbili zinazozungukana kila baada ya miaka tisa hivi. Yeye aliiona moja.