Profesa Cannon, Mchunguzi wa Hofu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za majemadari, wasafiri na wakuu wa nchi. Muhula huu napenda kuwaletea wasomaji habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi yoyote. Yeye alitumia maisha yake kuchunguza jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja, yaani kwa nini mtu akiogopa moyo humdunda, kinywa humkauka na pumzi humpanda juu juu. Mimi ni mwalimu wa Bayolojia, na katika watu wote ambao habari zao nawafundisha wanafunzi wangu, huyu ndiye anayenipendeza kuliko wote.

Walter Bradford Cannon alizaliwa tarehe 19 Oktoba, 1871, katika mji mdogo wa Prairie du Chien, jimbo la Wisconsin, Marekani. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Mama yake alifariki Walter akiwa na umri wa miaka 10, na kabla ya kukata roho alimwusia mwanawe awe mwema kwa ulimwengu. Wosia huo aliukumbuka mpaka uzeeni.

Shuleni hakuanza vizuri. Alipofika miaka 14 baba yake aliona kuwa kijana anapoteza wakati, akamtoa shule na kumtia kazini katika ofisi ya reli. Huko alikaa miaka 2. Aliporudi darasani alirudi na bidii mpya, akamaliza masomo ya sekondari kwa miaka 3 tu, na mwalimu wake mmoja wa kike akamhimiza aombe nafasi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akaingia huko mwaka 1892, naye alikuwa mtoto wa mtu wa kawaida kati ya watoto wa matajiri. Wanafunzi mnaodhani kwamba aliyejikwaa mapema hawezi tena kufika mbali, mlikumbuke jambo hili.

Mwaka 1896 alianza masomo ya udaktari. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Mjerumani Röntgen avumbue miale ya eksirei. Mwalimu wa Cannon alimshauri aitumie miale hiyo kutazama jinsi chakula kinavyomezwa. Basi Cannon alichanganya chakula na unga wa madini ya bismuthi, ambao miale haipenyi, akawalisha wanyama, kisha akatazama kivuli cha chakula kikishuka. Alimtumia bata bukini, kwa sababu shingo yake ni ndefu, na pia paka.

Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulitafuta. Mara nyingine mfuko wa tumbo wa paka ulisimama ghafula, ukaacha kabisa kusaga chakula. Cannon alitazama kwa makini, akaona kuwa husimama kila paka anapokasirika au kuingiwa na wasiwasi. Paka akipapaswa na kutulia, kazi ya tumbo huanza tena. Zaidi ya hayo, alipoziba kidogo pua na mdomo wa paka kwa vidole, hata pumzi ikawa ya taabu, tumbo lilisimama vilevile. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa alijua kuwa woga, tumbo na pumzi ni vitu vilivyofungwa kamba moja.

Mchunguzi mwingine angekasirika kwamba paka anamharibia kazi, lakini Cannon alijiuliza sababu. Swali hilo lilimshughulisha kwa miaka mingi. Juu ya kila figo ya mwanadamu pana tezi ndogo iitwayo adrenali, na wakati huo ilikwisha julikana kuwa tezi hiyo hutoa dutu iitwayo adrenalini. Mwaka 1911 Cannon na mwenzake walichukua damu ya paka aliyetulia, kisha damu ya paka yule yule baada ya kubwekewa na mbwa. Waliiweka kila damu juu ya kipande cha msuli wa utumbo uliokuwa ukijikunja na kujikunjua. Damu ya utulivu haikubadilisha kitu. Damu ya hofu iliulegeza msuli ule. Ikadhihirika kuwa hofu humwaga adrenalini ndani ya damu.

Mwaka 1915 alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alieleza kuwa mabadiliko haya si ugonjwa, bali ni matayarisho. Mnyama anapokabiliwa na adui hana budi kupigana au kukimbia. Kwa hiyo moyo huongeza mapigo, ini huachilia sukari iwe chakula cha misuli, njia za hewa mapafuni hupanuka, na damu huondoka tumboni kwenda mikononi na miguuni.

Katika kitabu hicho mna habari zinazotuhusu sana sisi watu wa shule. Baada ya mchezo mkubwa wa mpira wa Kimarekani, wachezaji 25 wa Harvard walipimwa mkojo, na 12 walikutwa na sukari. Katika hao 12, watano walikuwa wa akiba ambao hawakuingia uwanjani hata kidogo! Tena wanafunzi 9 wa udaktari walipimwa baada ya mtihani mgumu, na 4 walikutwa na sukari. Baada ya mtihani mwepesi alikuwa mmoja tu. Mwili haupambanui kati ya simba na karatasi ya maswali. Kwa vyote viwili hujitayarisha kupigana au kukimbia, ingawa mwanafunzi amekaa kitini na hana pa kukimbilia.

Nimesimamia mitihani kwa miaka mingi, nami nimewaona vijana hodari, waliosoma usiku na mchana, wakiifungua karatasi na kuanza kutetemeka. Baadaye huambiwa kuwa hawana akili au hawakusoma. Elimu ya Cannon inatufundisha sisi walimu na wazazi kuwa si haki kusema hivyo. Yule kijana si mjinga. Mwili wake umepiga mbiu ya vita mahali pasipo na vita.

Je, mbiu hiyo yaweza kunyamazishwa? Moyo hatuwezi kuuamuru upunguze mapigo, wala tezi hatuwezi kuziamuru zifunge. Lakini pumzi ni kitu cha ajabu: huenda yenyewe tukilala, na pia hututii tukiiamuru. Ni kama mlango mmoja ambao ufunguo wake tumepewa sisi wenyewe. Mtu anapotoa pumzi polepole, mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, utokao kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo mwendo. Mwaka 1975 Dr. Herbert Benson, mtu wa Harvard kama Cannon, alitoa kitabu juu ya upande huu wa pili, yaani hali ya mwili kutulia. Alikuwa amewachunguza watu waliokaa kimya wakitafakari, akaona kuwa pumzi zao hupungua na mwili hutumia oksijeni kidogo.

Leo twajua zaidi kuliko alivyojua Cannon. Adrenalini huja upesi na huondoka katika damu kwa dakika chache, mradi hofu haiendelei kuichochea. Tezi zile zile hutoa homoni nyingine, kortisoli, ambayo huja taratibu na kukawia. Wataalamu wengi wamepima watu waliojizoeza kupumua polepole, na mara nyingi wamekuta kuwa mapigo ya moyo hushuka na wasiwasi hupungua. Katika majaribio kadhaa kortisoli nayo ilishuka. Si muujiza, wala si dawa ya kila ugonjwa. Mwenye pumu aendelee na dawa zake, na asiyesoma asitegemee pumzi zimpatie majibu.

Namna yake ni rahisi. Keti wima, legeza mabega. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo likijaa. Itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapata pumzi 6 kwa dakika, ambapo kwa kawaida mtu hupumua mara 12 au zaidi. Fanya hivyo kwa dakika 3 au 5. Usivute kwa nguvu wala haraka haraka, kwani ukitoa hewa chafu kupita kiasi utaona kizunguzungu na vidole vitakufa ganzi. Tena usingoje siku ya mtihani. Jizoeze kila jioni, kama vile mwanariadha asivyongoja siku ya mashindano.

Turudi kwa Cannon. Mwaka 1901, katika fungate yake, alipanda na mkewe Cornelia mlima mmoja wa Montana, na baadaye mlima huo ukapewa jina lake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa kuwachunguza askari waliozimia kwa majeraha. Mwaka 1926 alitunga neno homeostasisi, maana yake uwezo wa mwili kujirudisha katika hali ya usawa. Neno hilo kila mwanafunzi wa Bayolojia hulisoma hata leo. Hakupata tuzo ya Nobel. Alifundisha Harvard mpaka 1942.

Miale ile aliyoitumia ujanani ilimlipa vibaya. Siku zile hatari yake ilikuwa haijajulikana vema, naye hakujikinga vya kutosha. Ngozi yake iliharibika, akaugua kwa miaka mingi, na tarehe 1 Oktoba, 1945 akafariki dunia. Elimu tunayoipata bure darasani yeye aliinunua kwa mwili wake.

Basi ndugu wanafunzi, mtakapoingia katika chumba cha mtihani na kusikia moyo ukidunda, msiseme kuwa mmekwisha shindwa. Jueni kuwa mwili unawatumikia kwa namna ya kale. Ushukuruni, wekeni kalamu chini kwa dakika moja, toeni pumzi polepole, kisha someni swali la kwanza.